Mwaka mzima natafuta fantasi yenye wanawake wanaopendana, hivi vitabu vitatu ndivyo vilivyonikata kiu

Mi mambo ya majoka na malkia na uchawi nimeyapenda tangu mdogo, bibi yangu Mombasa akisema tu paukwa mi nishakaa mkekani zamani, kwa hiyo sikuja huku kutafuta mapenzi. Nilikuwa namkosa mwanamke kuchu, yaani anayependa wanawake wenzake, mwenye maisha yake. Sio yule rafiki wa shujaa unaambiwa ukurasa wa 300 ati ana mpenzi wake msichana, kufika 310 kashachomwa mshale. Waliotazama ile tamthilia ya TV The 100 wananielewa, 2016 pale Lexa anatoka tu kulala na Clarke, raha haijapoa, risasi. Nilifunga laptopu na sijarudi tena.

Sasa shida ya kutafuta ni kwamba ukifuata lebo tu, ile ya kwamba kitabu kina wanawake wanaopendana, utaumia. Cha kwanza nilinunua kwa sababu video zote zilikisifu, sikitaji jina, nikafika nusu nikashtuka kwamba najua rangi ya macho ya huyu dada, nimeambiwa kama mara ishirini, lakini sijui anafanya kazi gani, ana mama au hana, anaogopa nini. Kazi yake ni kuangaliwa na yule mwenzake, basi.

Toka hapo nikajiwekea utaratibu, nashusha ile sampuli ya bure kwenye apu ya Kindle, nasoma kwenye matatu nikienda kazini, na najiuliza swali moja tu: mpenzi hajaingia bado, je huyu ana shughuli gani? Kama hana, nafuta. Nimefuta nyingi wallahi.

The Priory of the Orange Tree cha Samantha Shannon (2019) kilipita ndani ya sura chache. Ni tofali, kurasa zaidi ya 800, mkono unakufa ganzi. Kuna Ead, ametumwa kwa siri kumlinda malkia Sabran, kwa hiyo usiku anawamaliza wauaji wanaonyemelea mlango wa malkia, asubuhi yuko na wajakazi wenzake anatengeneza nywele kama hakuna kilichotokea. Na Ead mwenyewe hata hampendi huyo malkia mwanzoni, anamwona ana maringo! Sabran naye ana mzigo wake, watu wake wanaamini ukoo wake ukikatika lile joka kuu litafunguka, kwa hiyo lazima azae binti. Lazima. Baraza zima linajadili tumbo lake. Jamani mi nilicheka peke yangu kwenye gari maana mwezi huo huo shangazi alikuwa amenipigia simu kuniuliza mbona kimya, yaani huko kuna majoka yanatema moto na bado swali ni utazaa lini.

Na kitu kilichonipumzisha roho, huko hakuna anayeshtuka kwamba ni wanawake wawili. Kinachowabana ni cheo, dini na huyo mtoto anayesubiriwa. Sikujua nilikuwa na hamu ya hilo mpaka nikalisoma. Alafu upande wa mashariki kuna Tané, yeye hana habari na mapenzi, anataka kupanda joka tu (majoka ya huko ni ya maji, yanaheshimiwa), na kwa kuogopa kuharibikiwa na nafasi yake anafanya jambo baya mapema kabisa, anamficha mgeni aliyeingia nchini kinyume cha sheria, na linamfuata. Hapo ndipo nikasema huyu mwandishi anajua watu. Kasoro ni mwisho, umenipeleka kurasa zote hizo alafu vita vyenyewe vinaisha sijaweka hata chai mezani.

The Jasmine Throne cha Tasha Suri (2021), hiki ndicho nambari moja wangu. Dunia yake imechotwa India. Malini ni binti wa kifalme, kaka yake ndiye mfalme na alitaka achomwe moto kama sadaka, akakataa kupanda kuni, akafungiwa kwenye hekalu bovu juu ya mlima na huko anapewa sumu kidogo kidogo. Priya ni mtumishi anayepanda kila mara kufagia huko juu, na anaficha kwamba alilelewa humo humo. Wote wawili wanatumiana, na wote wanajua. Malini anapanga maneno yake hata akiwa hoi na sumu, unampenda na unamwogopa. Lakini kilichonishika ni Priya kabla hata hawajakutana, anahangaikia vitoto vilivyopata ugonjwa wa kuota mimea mwilini, majani yanatokea kwenye ngozi, anavitafutia vipande vya mti mtakatifu vya kupunguza makali. Mshahara wenyewe hana. Ukishamwona hapo, atakayempenda baadaye utamwamini.

The Unbroken cha C.L. Clark (2021) nilikichukua kwa sababu ya kava, ile mikono ya Touraine, sitasema uongo. Touraine alichukuliwa mtoto na dola, akafundishwa uaskari, sasa anarudishwa kwao kuzima uasi wa watu wake mwenyewe. Babu mzaa babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Waafrika enzi za ukoloni, akapelekwa vitani Burma, kwa hiyo hiki nilikisoma polepole. Bintimfalme Luca anatembea na mkongojo na anadhani nia yake njema inatosha. Ila Touraine anageuka upande mara nyingi hadi unataka kumzaba kofi, na mapenzi yenyewe ni kidogo sana, kama hayo ndiyo unayatafuta subiri kwanza.

Vyote nimesoma kwa Kiingereza maana kwa Kiswahili sijakutana navyo bado, anayejua aniambie.

La karatasi sasa. Nilitaka Priory ya kushika mkononi, nikaagiza duka moja hapa Nairobi, nikalipa kabla, wiki tano kila nikipiga naambiwa kesho dadangu, mwisho kikaja A Day of Fallen Night, ile ya 2023 ya mambo yaliyotokea karne nyingi kabla. Jamaa ananiambia si ni mwandishi huyo huyo. Nikachukua tu, nikaanza, kumbe inasomeka peke yake vizuri. Lile tofali nilikuja kulipata kwa mtu anayehama, na sa hizi liko kwa mwenzangu wa nyumba, aliyeniambia yeye si mtu wa majoka. Jana saa nane usiku taa yake ilikuwa bado inawaka, nikamgongea nikamuuliza umefika wapi, akanijibu nyamaza Sabran anaongea.