Chati ya Jedwali la Elementi kutoka Duka la Vifaa vya Shule, Moshi

Mwezi Januari nilinunua chati ya ukutani ya jedwali la elementi katika duka moja la vifaa vya shule mjini Moshi, kwa shilingi 15,000, ili niitundike katika chumba ninachowafundishia kemia wanafunzi wa kidato cha pili nyakati za jioni. Baada ya kuitumia muhula mzima, naiona kuwa chati imara na inayosomeka vizuri, ila yafaa ikae karibu na mwalimu mwenye kalamu.

Imefunikwa kwa plastiki pande zote mbili, hivyo vumbi hufutika kwa kitambaa chenye maji na unyevu wa masika haujaikunja pembe. Alama zake husomeka hata kutoka benchi la nyuma.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba pale ambapo alama hailingani na jina la elementi, chati imeandika jina la Kilatini lililoizaa: ferrum kwa chuma, aurum kwa dhahabu, natrium kwa sodiamu. Wanafunzi wangu walikuwa wakikariri alama ya sodiamu, Na, kama mtu anayekariri namba ya simu, mpaka mmoja wao alipoliona neno natrium akauliza kama lina udugu na Ziwa Natron. Lina udugu kweli, maana yote mawili yanarudi kwenye neno natron, yaani magadi, na magadi ni chumvi za kaboneti za sodiamu, zilezile tunazotia kwenye maharage ili yaive upesi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeikosea alama hiyo.

Kosa lililoniudhi ni la klorini. Chati imeandika uzito wake wa atomi kuwa 35, ilhali thamani inayotumika ni 35.5, kwa sababu klorini ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili (atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti), ya 35 na ya 37, ile nyepesi ikiwa takriban robo tatu ya jumla. Mwanafunzi anayeiamini chati hii atakokotoa kwamba moli moja (kipimo cha kemia cha kiasi cha dutu) ya chumvi ya mezani ina gramu 58 badala ya 58.5, kisha atanyimwa maksi asijue kwamba kosa lilitoka ukutani.

Mstari wa saba nao umepitwa na wakati. Pembeni imeandikwa kwamba chati ilichapwa mwaka 2021, lakini elementi za 113, 115, 117 na 118 bado zina alama za muda za herufi tatu, kama Uut, ingawa majina yake rasmi, nihoniamu, moskoviamu, tenesini na oganesoni, yaliidhinishwa na IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, mwezi Novemba 2016. Haidrojeni, kwa upande wake, imepakwa rangi moja na lithiamu na sodiamu, ambazo ni metali, na kijana mmoja aliondoka akiamini kwamba ni metali. Galiamu imeoneshwa kuwa yabisi, jambo ambalo ni sahihi kwa nyuzijoto 25. Lakini kwa kuwa huyeyuka karibu na nyuzijoto 30, mchana wa Februari hapa Moshi ungetosha kuifanya itiririke mezani.

Nilirudi dukani kueleza hayo. Muuzaji alinisikiliza kwa adabu, akakunjua chati nyingine mbili za toleo hilohilo, tukayakuta makosa yaleyale, naye akanipunguzia bei ya boksi la chaki kwa shilingi 2,000, ingawa uchapaji haukuwa kosa lake.

Mwalimu anayejua pa kusahihisha namshauri ainunue, kwani kwa bei hiyo sijaona nyingine yenye herufi kubwa namna hii. Yangu nimeshaiandika 35.5 kwa wino usiofutika, na kisanduku cha haidrojeni nimekibandika karatasi nyeupe. Mzazi anayetaka kumtundikia mtoto chumbani ajisomee peke yake, kwanza atazame kisanduku namba 17, cha klorini, kabla hajatoa fedha.