Canter yangu ilikuwa inagonga chini: uzoefu wangu na gereji ya Nyakato

Kama una Canter ya zamani na kila ukiachia klachi unasikia "ko!" chini ya bodi, usikubali difu (boksi la meno katikati ya eksi ya nyuma) ishushwe kabla mtu hajaingia uvunguni akaizungusha kwa mkono propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Kazi hiyo ndiyo niliyoilipia hapa Nyakato, Mwanza, kando ya barabara ya Musoma, na nimeridhika.

Gari langu linabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga na Kahama, likirudi linapakia mchele. Ukiondoka, ko. Ukitoa mguu kwenye mafuta halafu ukakanyaga tena, ko. Rivasi ndiyo ilikuwa balaa, mpaka tandiboi anageuka kuangalia kama kuna kitu kimedondoka. Gereji ya kwanza niliyoipitia, jina naliacha, fundi alisikiliza akiwa amesimama mlangoni: "Difu imekwisha bosi, tafuta ya mtumba." Hata nati ya kumwagia oili hakuigusa.

Mzee wa Nyakato alianza na maswali. Inalia ukikanyaga au ukiachia? Ina mzigo au tupu? Ukiweka nyutro ikateremka yenyewe, bado inalia? Alivyonieleza, mlio wa mara moja kila nguvu inapobadilika mwelekeo ni dalili ya kitu kilicholegea kati ya giaboksi na matairi. Unaoendelea na kuongezeka kadiri mwendo unavyokua unaelekeza kwenye beringi au meno.

Akaliweka gari pasipo mteremko, akazuia matairi kwa mawe (Mwanza mawe hayanunuliwi), gia nyutro, ndipo akaachia handibreki. Hapa nilimwona anajua kazi. Handibreki ya Canter hizi haishiki matairi, ina ngoma yake nyuma ya giaboksi na inabana propela. Ukiipima imevutwa, kipande cha mbele hakizunguki na utadhani kila kitu kizima.

Akashika flenji ya difu (sahani ambayo propela inafungwa) kwa mkono mmoja, propela kwa mwingine, akazungusha huku na huku. Propela inacheza, flenji imetulia: basi iliyolegea ni krosi ya nyuma, yaani kiungo cha msalaba kinachounganisha propela na difu. Pembeni ya vikombe vyake palikuwa na unga wa kutu, na alipopiga grisi ikatoka kwenye vikombe vitatu, cha nne kikavu kabisa. Yubolti za springi (bolti za umbo la U zinazoibana eksi) upande wa dereva nazo zililegea, na kwa maelezo yake hiyo inaiacha eksi ijipinde kila nguvu ya gari inapogeuka, ndiyo maana rivasi ilikuwa na kishindo zaidi. Kisha akamwaga oili ya difu. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na tope laini la kijivu, hakuna vipande vya chuma, maana yake meno hayajavunjika. Difu ikabaki mahali pake, na hela ya difu ya mtumba ikabaki mfukoni mwangu.

Kabla ya kuchomoa propela aliitia alama kwa tindo ili irudi vilevile. Uma (vishikio vya krosi) za ncha mbili za propela zikipishana, gari linatetemeka ukishika mwendo. Krosi mpya alinituma duka la spea mwenyewe, akasisitiza yenye nipo ya grisi (kitundu cha kupigia grisi), kwa sababu ya vumbi la njia zetu.

Kasoro zipo. Anafanya kazi taratibu, hana banda la maana, mvua ikinyesha kazi inasimama. Risiti niliandikiwa kwenye kipande cha boksi. Pia aligoma kubadilisha senta beringi, inayoshikilia propela katikati, ingawa mpira wake umeanza kupasuka. "Haijafa hiyo, ikianza kutetemesha gari uje." Mimi ningependa tumalize siku hiyohiyo, maana ikifia njiani Kahama, yeye hatakuwepo.

Nimelijaribu kwenye kilima cha Bugando likiwa na mzigo, nikasimama katikati na kuondoka tena: kimya. Kwenye rivasi kumebaki kamlio kadogo, na hako alishanitahadharisha kuwa ni nafasi ya kawaida ya meno ya difu yenye umri.

Nampa nne kati ya tano. Nenda asubuhi mapema, na mpatane kwanza hela ya ukaguzi. Anaitoza mbali na ya ufundi, na kwangu ilikuwa ndogo kuliko bei ya krosi.