Programu za Hesabu Zinazovuta Bei za Hisa: Angalia Tarehe Kwanza

Ramadhani iliyopita nilihesabu zaka ya hisa zangu za Twiga Cement, nilizozinunua kwa nia ya kuziuza, kwa kufuata bei iliyovutwa na programu niliyouziwa shilingi 90,000 katika duka moja la Darajani, Zanzibar. Kioo kilionyesha tarehe ya siku ile ile, nami nikatoa asilimia 2.5 nikiwa na moyo mtulivu. Nilipokuja kulinganisha na taarifa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, niliona kuwa bei ile ilikuwa ya wiki mbili nyuma, na kwamba programu iliipachika tu tarehe ya siku niliyobonyeza kitufe. Hisa zilikuwa zimepanda, na ikabidi nitoe zaka iliyobaki.

Tangu hapo chati za rangi hazinishughulishi. Hisa zetu zinaweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa hata moja, kwa hiyo anayehesabu hauli (mwaka wa zaka unaofuata mwezi mwandamo) anahitaji kujua bei ni ya siku gani hasa.

Kati ya programu za hesabu, nafasi ya kwanza naipa GnuCash, na sifichi kuwa naipendelea. Hupatikana bure, na dirisha lake la bei huweka kila bei katika mstari wake pamoja na tarehe, chanzo na aina, iwe ni bei ya mwisho ya soko au thamani halisi ya kipande kwa wenye vipande vya mifuko ya uwekezaji kama Umoja. Bei za masoko ya nje huvutwa na Finance::Quote, programu-saidizi ya kuchota bei mtandaoni, ambayo hukwama chanzo kinapobadilika, kama mwaka 2017 Yahoo ilipofunga njia yake ya kutoa bei na wengi wakahamia chanzo kingine, Alpha Vantage, kinachomtaka kila mtumiaji awe na ufunguo wake, yaani msimbo wa kumtambulisha. Bei za Dar es Salaam naziandika mwenyewe katika jedwali (tarehe, TPCC ambayo ni alama ya Twiga Cement sokoni, bei), kisha kila Ijumaa jioni naliingiza faili zima kwa mkupuo.

Ya pili ni KMyMoney, nayo ya bure. Inakutaka uieleze namna ya kuitambua bei katika ukurasa wa chanzo, kisha namna ya kuitambua tarehe. Kazi yake inachosha, lakini swali la tarehe halirukwi.

Quicken naiweka ya tatu kwa shingo upande, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya Marekani na Kanada na hulipiwa kila mwaka. Programu za bure za simu nilizozijaribu hazikuonyesha tarehe ya bei kabisa.

Ama yule muuzaji wangu, aliyeniapia kuwa "bei zitakuja zenyewe, dada", alitaka nilipe tena ili aifanyie programu sasisho. Nilipomwonyesha zile tarehe mbili, aliniuliza kwa nini sikumwambia mapema kuwa hisa zangu ni za Bara.