Kozi ya kutoka kwenye kobe, Abu Dhabi: mikono safi, shingo juu yako

Kwa wenzangu wa jujitsu bila gi (lile vazi la koti na mkanda) ambao mpinzani akishaivuka miguu yetu tunajikunja kobe, magoti na viwiko chini, mgongo juu, na kuanza kuomba dua, kozi hii ya Jumamosi asubuhi ni yetu. Iko kwenye jimu moja ya ghorofani huku Musaffah, dirham 150. Kocha ni mtu wa mieleka kutoka Dagestan. Kiingereza chake cha kuokoteza, lakini ukishikwa naye utaelewa.

Nusu ya muda hatukuinuka kabisa. Mikono tu. Mwenzio yuko mgongoni, mkono mmoja kaupitisha juu ya bega lako, mwingine chini ya kwapa. Kabla hujafanya lolote unakamata kifundo cha ule mkono wa chini kwa mikono yako miwili na kuubana nyongani. Viwiko vimebana mbavu. Kisha kifua kinapanda, mguu mmoja unapiga hatua, na unamsukuma kwa mgongo wako huku ukisimama. Ukishasimama usigeuke mpaka umeuvunja mshiko. Unausukuma mkono chini, unachomoa nyonga, ndipo unamkabili. Sisi wengi huinua makalio kwanza, kichwa kikabaki chini, na hapo ndipo jamaa anapopenyeza ndoano zake, yaani miguu yake ndani ya mapaja yako. Kocha alilisema hilo mpaka likachosha, na alikuwa na haki.

Bila gi jambo hili lina faida zaidi, maana hakuna ukosi wala mkanda wa kukuvutia chini, na jasho linakusaidia. Mieleka ya vyuo Marekani humpa anayejinasua pointi 1, na anayegeuza mambo akawa juu 2, kwa hiyo wale hawalali pale chini. Kwetu kujinasua tu hakukupi kitu, ila ukichukuliwa mgongo na ndoano zote mbili mwenzio anapata pointi 4 kwa kanuni za mashindano ya IBJJF, 3 kwa zile za ADCC. Ndiyo maana tumezoea kulala.

Lawama yangu ni kwenye sit-auti, ile ya kurusha miguu mbele ukakaa kitako na kugeuka. Ameifundisha kimieleka, na mieleka haina kabali. Ukikaa kidevu kikiwa juu, mkono wa mwenzio unateleza wenyewe shingoni. Nilipouliza, nikaambiwa niongeze kasi. Bwana wee! Aliyenisaidia ni Mganda mmoja wa mkanda wa zambarau aliyekuwa mkekani nami: shika kwanza kifundo cha mkono wa juu, kidevu kifuani, na uifanye tu pale uzito wake ukiwa umelalia mabega yako. Akiwa amekaa nyuma kwenye nyonga, achana nayo, simama.

Ule mzunguko wa mabegani, grenbi, ulipewa dakika chache mwishoni. Wepesi waliufurahia. Mimi na kitambi changu cha lindo la usiku nilitazama.

Mikeka ni misafi, kiyoyozi kinafanya kazi, bafu ni moja kwa watu wote, foleni ndefu. Wanaotoka zamu ya usiku watawahi, inaanza saa tatu. Nenda na mtu unayemwamini, na mkifika kwenye sit-auti mkubaliane kwamba aliye juu anaruhusiwa kutafuta shingo, hata kama kocha hajasema.