Wiki za likizo ufukweni: lala kwanza kwa hela yako, bei baadaye

Miezi hii wanapita madukani hapa Mwanza vijana wenye fulana nyeupe na vipeperushi vya rangi, wanauza wiki za likizo. Unalipa mara moja, halafu kila mwaka hoteli ya ufukweni inakupa chumba kwa wiki moja, miaka 25 mfululizo. Ukisitasita wanakualika ukalale usiku mmoja bure, chakula cha jioni juu yao, ili ujionee. Majirani zangu wa soko wameshapewa kadi za mwaliko na kila siku kuna anayeniuliza: "Dada, twende au tusiende?"

Mimi na mume wangu tulikwenda kwa mwaliko, kisha tukarudi kwa hela yetu bila kuwataarifu mawakala. Nawajibu wote hivi: kwenda ni lazima, ila usiku wa bure hauonyeshi kile unachouziwa. Lipa chumba kama mgeni mwingine yeyote, siku za katikati ya wiki, kipindi cha mvua, tena mwezi ukiwa gizani. Hoteli siitaji jina. Wahudumu wake ni watu wema, na ninayoipima hapa ni biashara ya wiki wanayoiuza.

Biashara yenyewe si ngeni duniani. Ilianza Ulaya miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianzishwa mwaka 1963. Marekani ilishika kasi miaka ya 1970, wakati wajenzi walipokwama na nyumba za likizo ambazo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuzinunua nzima, wakaanza kuziuza kwa wiki. Kwa hiyo usidhani ni utapeli kwa asili yake. Kuna familia huko ng'ambo zimetumia wiki zao miaka na miaka na zimeridhika. Swali ni kama hii ya kwetu, kwa bei hii, ufukwe huu, inakufaa wewe.

Siku ya mwaliko ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, kiangazi, ziwa limetulia. Gari lao lilitufuata hadi nyumbani. Tukapewa chumba cha safu ya juu, kimekaa kwenye jabali, ukifungua pazia unaona maji hadi macho yachoke. Chakula cha jioni kilikuwa sato wa kuchoma, mzima, kachumbari pembeni na ndizi za kukaanga, na sitanii nikisema sijala sato mtamu kama yule katika hoteli yoyote ya mjini. Asubuhi wakatuweka kwenye meza na kijana mmoja mpole sana, kadi ikisema maelezo ni ya dakika 90. Tulisimama mchana umeshaingia.

"Mama yangu, bei hii inafungwa leo saa kumi na moja jioni," akasema.

"Mwanangu, mimi nauza mabomba. Bei nzuri ninayompa mteja leo, akija keshokutwa anaikuta. Nipe mkataba nikausome nyumbani."

Akasema mkataba hautoki nje ya ofisi mpaka nilipie kishika nafasi. Mume wangu akaaga kwa adabu, tukaondoka.

Tuliporudi kwa hela yetu ilikuwa Novemba, vuli imekolea, na nilichagua siku za giza makusudi. Aliyekulia kando ya ziwa anajua sababu. Wavuvi wa dagaa huingia majini siku ambazo hakuna mbalamwezi, na siku hizo hizo ndipo vile vijidudu vya ziwani huibuka kwa wingi na kufuata taa. Safari hii tulijiendesha wenyewe. Nusu ya mwisho ya barabara ni ya udongo, na mvua ya alasiri ilikuwa imeichimba kiasi kwamba tulitambaa gia ya kwanza. Siku ya mwaliko sikuiona barabara hiyo hata kidogo, kwa kuwa dereva wao alikuwa na gari la juu na mdomo mtamu.

Chumba cha kawaida kiko safu ya chini, karibu na maji. Hicho ndicho ambacho wiki za bei ya kawaida zinakupa; safu ya juu ina bei yake. Saa mbili usiku taa ya veranda iliwaka yenyewe, na ndani ya muda mfupi ukuta mzima ulikuwa umegeuka rangi ya kijivu, unatembea. Wavu wa dirisha ulikuwa mzuri, lakini chini ya mlango kuna nafasi ya kidole. Tuliziba kwa taulo. Asubuhi mhudumu alikuja na ufagio na ndoo, akazoa marundo kwenye kona ya veranda, kazi anayoijua, bila kulalamika. Nikamuuliza kama ni hivyo kila mwezi. "Siku za giza tu, mama. Wakati mwingine zaidi ya hapa." Vijidudu hivyo haviumi wala havileti malaria, lakini fikiria umenunua wiki yenye tarehe isiyobadilika, na mwaka huo tarehe zako zimeangukia giza.

Kuhusu maji ya bombani nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Fungua bomba la mvua saa moja asubuhi, wakati vyumba vyote vinaoga. Presha ya saa nane mchana haikuambii kitu. Kwetu ilishuka hadi ikawa inadondoka, na hita ikajizima. Niliinamia chini ya sinki: mipira ya kuunganishia ni ile ya bei ya chini kabisa, ambayo mimi humwambia mteja aweke nyumba ya kupangisha ya muda na si hoteli, na kwenye kiungo kulikuwa na kutu ya kijani na kitambaa kimefungwa kuzuia mvujo. Silikoni ya bafuni imeota ukungu mweusi. Jengo bado ni jipya. Nani atalipia kubadilisha hayo yote vyumba vyote, miaka mitano ijayo? Mwenye wiki, kupitia ada ya kila mwaka anayolipa juu ya ile bei ya kununulia. Ndiyo maana nawasihi watu wakague mabomba kabla ya kukagua mandhari.

Asubuhi ya pili nilishuka ufukweni nikamkuta mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu. Tukaamkiana Kisukuma, nikamuuliza maji yalifika wapi mwaka 2024. Akanionyesha kwa fimbo: ngazi ya pili ya vyumba vya mbele. Alama ipo, mstari wa tope uliopakwa rangi juu yake lakini bado unaonekana ukiinama. Ziwa Victoria hulishwa zaidi na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, karibu asilimia 80 ya maji yake, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja. Mvua ikizidi, ziwa linapanda na halishuki kwa wiki moja wala mbili. Rekodi ya mwaka 1964 ilivunjwa mwaka 2020, kisha maji yakapanda tena juu zaidi mwaka 2024. Mkataba wa miaka 25 hauwezi kupuuza jambo lililotokea mara mbili katika miaka minne.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nilipima kwa hatua kutoka majini hadi kwenye ngazi za vyumba vya mbele, na havifiki hata nusu. Nilipowauliza mapokezi kibali cha mazingira, wakaniambia kiko makao makuu. Huenda kipo kweli. Mimi ningetaka kukiona kwa macho kabla sijatoa hata shilingi, kwa sababu siku serikali ikiamua kuondoa majengo ya ufukweni, mwenye wiki hatakuwa na pa kulala na hati ya kiwanja haina jina lake.

Jina lako halipo, ndiyo. Wakala anasema "unamiliki". Nilipopata kuusoma mkataba (mgeni mmoja aliyekwisha kununua alinionyesha wake, Mungu ambariki), unachopewa ni haki ya kutumia chumba cha aina fulani kwa siku saba kwa mwaka. Tanzania tunayo sheria ya mwaka 2008 inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo na kupata hati yake; hiki si hicho. Ukitaka kuuza wiki yako lazima wao wakubali, na mnunuzi umtafute mwenyewe. Tena usipolipa ada ya mwaka kwa miaka miwili mfululizo, haki inafutwa na ulicholipa mwanzo hakirudi.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliona matatizo ya namna hii zamani. Agizo lao la mwaka 2008 linampa mnunuzi siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu yoyote, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata malipo ya awali. Katika mkataba niliousoma hakuna kipengele cha namna hiyo. Unaweka saini, umemaliza. Kwa hiyo siku 14 hizo jipe mwenyewe: usiweke saini siku ya kuonyeshwa, hata wakisema bei inapanda.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mume wangu, ambaye alikuwa anaitamani sana, alipokaa kimya akachukua kalamu. Wiki ya safu ya chini inauzwa milioni 14. Ada ya mwaka ni laki sita na nusu, na mkataba unawaruhusu kuipandisha. Chumba hicho hicho tulikilipia 120,000 kwa usiku, yaani 840,000 kwa siku saba. Mwenye wiki anaokoa 190,000 kwa mwaka. Ukigawa milioni 14 kwa hizo, inahitaji miaka zaidi ya 73 kurudisha hela, katika mkataba wa miaka 25. Wakala atakujibu kuwa bei za vyumba zitapanda, na ni kweli zitapanda, lakini ada nayo inapanda, na milioni 14 zako zingekuwa dukani zinazunguka. Ukilala pale siku nne tu badala ya saba, kama wengi wetu tunavyoweza kufunga biashara, hesabu inaharibika zaidi.

Kilichowavuta majirani wengi ni ahadi ya kubadilishana: wiki yako ya Mwanza uipeleke Mombasa au Dubai. Mifumo hiyo ipo. RCI ilianzishwa Marekani mwaka 1974, Interval International mwaka 1976, na zinafanya kazi. Lakini hoteli lazima iwe imesajiliwa kwenye mfumo, wewe ulipie uanachama na ada ya kila badiliko, na unachopata kinategemea unachoweka. RCI hupanga wiki kwa rangi: nyekundu za msimu mkubwa, nyeupe za kati, bluu za msimu mdogo. Wiki ya Aprili, masika imeshika, usitegemee ikupe Desemba ya mtu mwingine. Niliomba wanionyeshe namba ya usajili wa hoteli yao. Mpaka leo sijaletewa, na mpaka niione naichukulia ahadi hiyo kuwa haipo.

Jambo la watoto nalitaja kwa haraka lakini ni zito. Picha za vipeperushi zinaonyesha watoto wakicheza pembezoni mwa maji, penye matete. Kichocho kipo ziwani kwetu, na konokono wake hupenda pale pale penye majani na maji yasiyo na mawimbi. Hoteli ina bwawa zuri la kuogelea, lenye dawa, maji yanaonekana hadi chini, waogelee humo. Nimemwambia meneja abadilishe zile picha, akaniandikia kwenye daftari.

Kwa hiyo kama hoteli ya kulala nawapa alama nzuri: chakula, ukarimu, utulivu, usafi wa mashuka. Kama mahali pa kuweka milioni 14, sinunui, na kaka yangu aliyekuwa ameshatenga hela nimemwomba azirudishe benki. Akakubali baada ya kwenda kulala mwenyewe wakati wa mvua.

Anayetaka kwenda kupumzika tu, apige simu mapokezi moja kwa moja na siyo kupitia kwa wakala. Omba safu ya juu, vyumba vya upande wa mashariki, presha ya maji huko ni afadhali kwa sababu tangi dogo liko karibu. Angalia kalenda uende siku za mbalamwezi. Kama mvua imenyesha, acha gari dogo nyumbani. Sato agiza mapema asubuhi, mpishi anamfuata mwenyewe mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na ikifika saa sita wale wakubwa wameshakwisha.