TAHADHARI GOMA: yule mtu anayesema anatuma velo yako kiwandani ipunguzwe uzito

Bandugu wa Goma, na nyinyi wa Bukavu pia juu naambiwa ameshaanza kuposti kule, someni hii kabla hamjamtumia mtu makuta yenu. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya velo (baiskeli) anasema ana mtu wake ndani ya kiwanda kule Ulaya, unamwachia velo yako ya mashindano, unalipa avanse, yeye anaituma, kiwanda kinatoa piesi nzito kinaweka nyepesi, fushe ya karboni (ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu), gido (usukani) ya karboni, bulo (bolti) za titani, halafu inarudi na karatasi yenye muhuri. Uongo mtupu. Hizo velo hazivuki hata Grande Barrière, mpaka wetu na Rwanda.

Mimi ni fundi wa velo, wengi mnanijua. Kijana mmoja wa Majengo aliniletea ya kwake ikiwa imetoka kwa huyo mtu, furaha tupu, ananiambia yaya niangalilie tu freni zinalia kidogo. Ile velo naijua, niliimonta mimi mwenyewe mwaka jana, kadre ya aluminiumu, fushe ya karboni ya kweli, kitu kizuri. Sasa imerudi imepakwa rangi nyeusi, inang'aa, kila mahali nyuzi nyuzi za karboni zinaonekana. Nikatoa gurudumu la mbele, pale chini ekseli inapokaa nikaona ukingo umeinuka, nikavuta kwa ukucha, ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Ni stika! Chini yake chuma, mshono wa kuchomelea unaonekana na kutu imeshaanza. Nikaleta sumaku, ikang'ang'ania. Maana yake fushe ya karboni ya kijana iliibwa na sasa iko kwenye velo ya mtu mwingine, yeye akawekewa chuma kilichovalishwa plastiki, na akalipa dola 350 juu yake.

Tulipoipima, velo iliyotoka kwangu na kilo nane na nusu hivi imerudi inakaribia tisa na nusu. Aliahidiwa sita.

Na bulo je? Alimwambia ni titani. Titani uzito wake ni nusu ya chuma na kidogo, kwa hiyo bulo mbili za ukubwa mmoja, moja ya chuma na moja ya titani, hata mkononi utasikia tofauti. Nilienda nazo kwa jirani anayenunua dhahabu, ana ile mizani yake ndogo, tukaweka bulo ya "titani" upande mmoja na bulo yangu ya kawaida upande mwingine, zikalingana. Chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, basi.

Lakini yote hayo ni mali, mali inatafutwa. Kilichonitetemesha ni freni. Ili aseme amepunguza uzito alichukua mashine ya kutoboa akatoboa mikono ya freni, matundu matundu, mle mle ndani ya sehemu inayobeba nguvu yote ukifinya. Tundu moja lilikuwa limeshapasuka kuelekea ukingoni, ufa mwembamba kama unywele, ukiukunja mkono kidogo unafunguka. Huyu mtoto Jumamosi yake alikuwa anapanga kupanda Kibumba na wenzake. Kupanda siyo shida, lakini mnajua ule muteremko wa kurudi mjini, na mnajua malori ya pale. Freni ikikatika pale hakuna wa kukuokoa. Nimekasirika mpaka sasa ninapoandika.

Sasa mjue kazi ya kweli inavyokwenda. Kampuni kubwa kweli zinatengeneza velo kwa matakwa ya mteja, Trek kwa mfano wana programu yao inaitwa Project One, unachagua rangi, magurudumu, piesi, lakini hiyo ni wakati wa KUKOMANDA velo mpya, na unapitia kwa muuzaji wao anayetambulika. Sijawahi kuona kiwanda kinachopokea velo iliyotumika toka kwa mtu wa barabarani ili ikapunguzwe kilo. Halafu mtu wa tatu akishatoboa au kubadilisha piesi vibaya, garanti inakufa.

Na hizo kilo sita anazoahidi ni za nini? UCI, shirika la velo la dunia, toka 2000 inakataza velo ya mashindano ya barabarani kushuka chini ya kilo 6.8. Hata wale tuliowaona Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya kwanza ya barabarani kufanyika Afrika, akina Pogačar, velo zao haziruhusiwi kuwa chini ya hapo. Mtu akikuahidi kilo sita kwa ajili ya mashindano, hajui kazi au anakuibia. Najua vijana wetu toka Kigali wamewaka moto, kila mtu anataka velo nyepesi, na huyo mwizi amenusa hiyo kiu.

Mkitaka kuhakikisha piesi, njooni na sumaku. Karboni, titani na aluminiumu hazivutwi. Ila kuna inoksi (chuma kisichoshika kutu) nayo haivutwi, kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi, pimeni na uzito. Toeni fushe muangalie ndani ya bomba na pale rangi inapoishia, stika haifiki ndani. Na namba ya seri, mara nyingi iko chini pale pedali zinapokaa, pigeni picha KABLA ya kumwachia mtu yeyote velo. Ya huyu kijana imekwanguliwa na kupakwa rangi, hata kuuliza kampuni hawezi.

Makuta anapokea kwa simu tu, na namba inabadilika, leo jina hili kesho jina lingine. Toka benki zifungwe hapa Januari 2025 sote tunalipana kwa simu, kwa hiyo hilo halimshtui mtu, na yeye analijua. Ukimwomba fakture anakutumia picha ya karatasi ile ile kwa kila mteja, nimeona tatu, tarehe moja, velo tofauti.

Jina lake siliweki hapa, familia ya kijana inafuatilia, lakini ukiniandikia inbox nakuonyesha namba anazotumia. Kama velo yako iko kwake sasa hivi, usimwongezee hata franga mia, usimwambie umeshtuka, mwende watu watatu wanne mchukue velo kama ilivyo, na muhifadhi mesaji zote na zile SMS za malipo. Kama imesharudi kwako, usiipande. Ilete kwangu kwa miguu, naifungua bure, tunaanza na freni.