Kuapdeti BIOS ya Dell Latitude E6440 yenye betri mfu: uzoefu wangu, Mtwara

Laptopu za mtumba za aina hii ni nyingi Mtwara mjini, na mara nyingi betri zake zimeshachoka. Zile zinazoshinda kwenye chaja, kama za makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) msimu wa korosho, betri haikawii kufa kabisa. Mashine haina neno, inapiga kazi kwa umeme wa ukutani. Shida huanza ukitaka kuapdeti BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta: programu ya Dell ya kuapdeti hukagua chaji kwanza, na ikikuta haifiki asilimia 10 inagoma.

Inagoma kwa haki. Chipu ya BIOS hufutwa kwanza ndipo iandikwe upya, na umeme ukikatika hapo katikati unabaki na laptopu inayowasha taa tu, skrini giza.

Kabla ya kuilaumu betri, kagua chaja. Plagi ya Dell ina sindano nyembamba katikati, na ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Sindano ikipinda, au waya wake ukikatika ndani pale shingoni mwa plagi, unapowasha unapata ujumbe kwamba aina ya adapta haijulikani. Hapo hata betri nzima haichaji, na prosesa inapunguzwa kasi. Tafuta chaja ya volti 19.5, wati 65 au 90, inayotambulika. Ile betri ya sarafu, CR2032, ni kitu kingine: ikifa unapoteza saa na tarehe, pengine na mipangilio ya BIOS.

Betri ikiwa imekufa kweli, dawa ni swichi moja, yaani neno linaloongezwa mwishoni mwa amri. Ingiza Service Tag iliyo chini ya laptopu kwenye tovuti ya Dell, pakua faili la BIOS la modeli hiyohiyo, lipe jina fupi kama bios.exe na uliweke C:\bios. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayoficha data kwa siri), isimamishe BitLocker kwanza, la sivyo utadaiwa ule ufunguo wa tarakimu 48. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri za Windows) kama administreta, kisha andika:

cd C:\bios
bios.exe /forceit

Ukaguzi wa betri unarukwa. Mashine inajizima na kuwaka, feni zinavuma kwa nguvu, mstari unasogea. Skrini ikiwa nyeusi kwa muda usiguse kitu; vumilia dakika 10 nzima. Usiongeze swichi nyingine usiyoijua kazi yake.

Amri yenyewe naipa alama zote, ila haikulindi na chochote. Kinachokulinda ni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Ya VA 650 inatosha, maana laptopu haizidi wati 65 au 90 za chaja yake, lakini ndani yake mna betri ya asidi ya volti 12, nayo huzeeka, tena upesi kwenye joto letu la pwani. Kwa hiyo ijaribu kwanza: washa laptopu bila betri, chomoa UPS ukutani, hesabu dakika 15. Ikizima kabla, usiapdeti. Stabilaiza au fridge guard haisaidii hapa, haina umeme iliouhifadhi. Tazama pia yuniti za LUKU (watu hucheka, lakini zimewahi kuisha dakika hiyohiyo). Tikisa kidogo plagi ya chaja upande wa laptopu. Mashine ikizima, tengeneza tundu la chaja kwanza.

BIOS ikiharibika, fundi mwenye programa ya CH341A (kibodi kidogo cha kuandikia chipu) na klipu ya pini nane anaweza kuiandika chipu upya. Mwambie apime volti kwanza: baadhi ya bodi hizo hutoa 5 kwenye nyaya za data wakati chipu ni ya 3.3.

Je, inafaa kuhangaika? Kama BIOS yako ni ya kabla ya 2018, naona inafaa, kwa sababu ya marekebisho ya Spectre, udhaifu wa kiusalama wa prosesa. Kama ni ya baada ya hapo na mashine haina tatizo, iache.

Jambo la mwisho linalowanasa wengi: kabla ya kuanza, bonyeza F2 wakati mashine inawaka, na upige picha ya ukurasa wa SATA Operation, yaani namna mashine inavyoongea na diski (AHCI au RAID On). Mipangilio ikirudishwa ya kiwandani inakuwa RAID On, na Windows iliyowekwa kwenye AHCI inaishia skrini ya bluu. Watu hudhani BIOS imekufa, kumbe ni kurudisha AHCI tu.